Nafasi Moja Kati ya Nyimbo na Mbovu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeamka na wazo. Kabla ya chai. Mawazo yangu mazuri huja kabla ya chai.

Kwanza niandike hali ilivyo. Mimi, Benaya Luseno, fundi wa kompyuta, ndiye mtunzaji wa chumba cha kompyuta nyuma ya kanisa letu hapa mtaa wa Tena. Mashine ni kuukuu. Zilitupwa na ofisi fulani mjini. Niliziwekea Linux, mfumo wa bure usiodharau mashine ya zamani, zikafufuka. Watu wa mtaa huja kuandika barua za kazi na kutuma vyeti. Kwa muda mrefu walinihitaji mimi tu. Nilizoea.

Linux unaweza kuiambia unachotaka kwa njia mbili. Ya kwanza ni picha. Unasogeza kipanya, unabofya picha ya folda, inafunguka. Ya pili ni dirisha jeusi. Unaandika amri kwa maneno, unabonyeza, inatendeka. Hakuna mapambo. Kimstari kimoja tu kinapepesa kikikungoja, kama kimulimuli kwenye shamba la miwa kule nyumbani Mumias. Naweza kukitazama mchana kutwa. Nimewahi kukitazama mchana kutwa.

Kisha akaja Maurine Adoyo. Alipewa darasa la Jumamosi, sasa yuko hapa karibu kila siku. Amejaza picha kubwa kubwa kwenye kila skrini. Barua, bofya hapa. Muziki, bofya hapa. Watu wanabofya, wanapata, wanaenda nyumbani. Hakuna anayeniita. Wiki jana nilishinda nimekaa kando ya dirisha nikitazama nguo za majirani zikipepea kwenye kamba.

Mzee Bwire, mwenyekiti wa kamati, mstaafu wa reli, amesema Jumamosi ya wiki ijayo watachagua mwalimu mkuu wa chumba. Nimefumba macho nikajiona. Shati jeupe. Watu wamekaa kimya. Ninaandika mstari mmoja tu wa amri na kila kitu kinajipanga chenyewe, na mtu wa nyuma anamnong'oneza mwenzake akiuliza huyo ni nani.

Wazo lenyewe ni hili: nitaziondoa picha. Zote. Watalazimika kuniita.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeziondoa. Skrini zote zikabaki na rangi ya bluu tupu, kama anga baada ya mvua. Nilikaa nikazitazama. Niliona utulivu mkubwa.

Watu walipofika walidhani mashine zimeharibika. Mama mmoja alisikitika, akaniombea. Wengine wakageuka wakaenda zao. Mtu pekee aliyebaki ni Kyalo, kibarua wa kiwandani, ambaye hutembea kutoka Mukuru kwa Njenga akitoka zamu. Nikamwambia leo ana bahati, atajifunza njia ya wajuzi. Nikamfungulia dirisha jeusi. Nikamweleza kwamba ili afungue barua yake ya kazi lazima aandike jina la folda, mkwaju, yaani ule mstari uliolala upande, kisha jina la faili, bila kukosea hata herufi.

Kyalo huandika kwa kidole kimoja. Alikosea. Akarudia. Mashine ikamjibu kwamba haijui faili hilo. Akaniuliza kwa nini isimsaidie kulitafuta kama hailijui. Nikaanza kumweleza historia. Nilielezea vizuri, nadhani, huku nimeangalia juu. Nilipoinamisha macho, Kyalo alikuwa amelala, shavu juu ya kibodi, na dirisha jeusi limejaa herufi moja mistari mingi.

Adoyo aliingia wakati huo. Hakugomba. Alirudisha picha zote, akamwamsha Kyalo, wakaipata barua, Kyalo akaituma. Baadaye aliniambia kwamba yeye hana ubaya na dirisha langu, ila mtu aliyechoka apewe mlango anaoweza kuufungua, na akitaka kujua zaidi ataonyeshwa mwingine.

Nimelifikiria neno hilo njia nzima ya kwenda nyumbani. Nimeona ni la mtu asiyejua dirisha jeusi, anayeficha kutojua kwake kwa maneno matamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Triza amekuja.

Triza alikuwa akiongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Akiimba, watu waliokuwa wakipita njia ya nyuma kwenda sokoni walisimama ukutani na vikapu vyao. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa koo. Alipona, Mungu ni mwema, lakini sauti haikurudi. Sasa anazungumza kwa sauti ya chini yenye mikwaruzo, kama majani makavu ya mahindi. Mimi naipenda hata hiyo. Sijamwambia. Nangoja siku inayofaa.

Nyimbo zake zimo kwenye ile kompyuta ya pembeni, iliyokuwapo kabla yangu. Zilirekodiwa na mtunzaji aliyenitangulia, ambaye amehamia Mombasa na hapokei simu. Zimetawanyika ovyo kwenye folda nyingi, nzuri na mbovu pamoja, na hakuna nakala popote pengine. Triza ameomba zikusanywe. Binti yake anaolewa mwezi ujao, na anataka sauti ya mama yake isikike siku hiyo.

Alituuliza sisi wawili, Adoyo na mimi. Adoyo akasema kwanza tutoe nakala ya kila kitu, kisha tusikilize moja moja, tukiburuta zilizo nzuri kwa kipanya. Itachukua siku kadhaa. Nikacheka kidogo, kwa pua. Nikasema mimi nitaimaliza kesho kwa mistari michache ya amri.

Triza aliniangalia. Akasema, "Utaweza, Ndugu Luseno?"

Nikasema nitaweza.

Jioni nimekaa barazani. Jua limepita katikati ya majengo, likayapaka nyekundu matangi ya maji kwenye mapaa. Nimejiona nikimkabidhi nyimbo mkononi. Nimeiona arusi. Nimejiona nimekaa meza ya mbele. Mama yangu aliyeko Mumias pia alikuwepo, amevaa gauni ambalo kwa kweli hana.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefanya jambo baya.

Niandike polepole. Triza alikuja, akavuta kiti karibu nami. Nilisoma majina ambayo mtunzaji wa zamani aliyapa mafaili, nikazikusanya nyimbo nzuri kwenye folda niliyoiita Nyimbo. Zile zilizoharibika, za kukohoa na za kuanza vibaya, nikazitia kwenye folda niliyoiita Nyimbo mbovu. Mistari michache tu. Haraka. Adoyo alikuwa upande ule mwingine akiwafundisha kina mama kubofya, na nilihakikisha ananiona.

Ikabaki kufuta folda ya Nyimbo mbovu. Haikuwa lazima kuifuta. Nilitaka tu kumwonyesha Triza jinsi amri inavyofuta, haraka kuliko kupepesa jicho.

Basi nikaanza kuandika. Triza akawa anavuma wimbo kooni, kwa ile sauti yake mpya, bila kujua kwamba anavuma. Vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga wa dirishani. Nikaona mashamba. Nikaona kijia kati ya miwa, na yeye ametangulia mbele yangu na hageuki nyuma lakini anajua nipo. Vidole vikaandika vyenyewe: futa Nyimbo mbovu. Nikabonyeza.

Katika dirisha jeusi nafasi tupu kati ya maneno mawili haifanyi jina moja. Inafanya majina mawili. Ukitaka liwe moja, lazima ulitie kwenye alama za kunukuu. Najua hilo. Nimewafundisha watu hilo. Mashine ilisoma nifute vitu viwili: kimoja kinaitwa Nyimbo, kingine kinaitwa mbovu. Ikaifuta Nyimbo. Kisha ikaniandikia kwa adabu kwamba haioni kitu chochote kiitwacho mbovu.

Na dirisha jeusi halina kikapu cha taka. Ukifuta kwa kipanya, faili huenda kikapuni na unaweza kuliokota. Ukifuta kwa amri limekwenda.

Triza akaniuliza kama tayari. Nikasema karibu. Nikasema mashine inapumzika. Nikaizima, nikaifunika kwa kitambaa cha meza.

Jumapili, 10 Agosti

Sikusikia mahubiri.

Baada ya ibada Mzee Bwire alinishika mkono akasema amesikia kazi ya nyimbo imekamilika. Nani kamwambia? Mimi. Nilimwambia Ijumaa, kabla sijaianza. Akasema kamati nzima itakuja Jumatano kusikiliza, pamoja na Triza. Nikasema vyema sana.

Nilitazama juu ya paa la kanisa. Kulikuwa na kunguru mmoja. Nikatamani maisha yake.

Mpango: zile nyimbo mbovu bado zipo. Fundi hodari wa sauti anaweza kuondoa kikohozi, kupunguza kelele za viti, akaunga vipande. Huko Dandora kuna vijana wa muziki wanaotengeneza sauti kutoka chochote.

Jumanne, 12 Agosti

Nilirudi kwenye mashine mara moja tu, nikazichukua zile mbovu kwenye flashi, nikaizima tena. Nimeenda Dandora kwa Munyoki. Studio yake ni chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Mtu mpole. Alivaa spika za masikioni, akafumba macho, akasikiliza folda yote mpaka mwisho. Nilimtazama uso nikaanza kuwa na matumaini.

Akazivua. Akasema, "Buda, hiki ni kikohozi."

Nikamwambia katikati ya vikohozi kuna sauti ya Triza. Akasema ipo, kwenye sehemu moja, anasema ngojeni kwanza. Halafu kuna mzee anauliza kama mashine inarekodi. Anauliza mara nyingi.

Nikamwomba afanye awezalo. Akajitahidi. Alichonipa ni kikohozi chenye ngoma chini yake. Sitasema uongo, ni kizuri. Kichwa kilinitikisika njia nzima mpaka kwetu. Lakini si cha kucheza arusini.

Mpango mwingine, wa mwisho: kesho nitasema kipanya cha Adoyo ndicho kilichofuta. Kipanya hakiwezi kujitetea.

Jumatano, 13 Agosti

Kamati ilikaa. Mzee Bwire mbele, amevaa koti. Triza kando yake, amevaa gauni la kwaya. Alilivaa gauni la kwaya kuja kujisikiliza.

Nilifungua folda iliyobaki, nikiomba muujiza. Kikohozi. Kiti kinakwaruza sakafu. Kisha sauti ya Mzee Bwire, kubwa, ikiuliza kama inarekodi. Wanakamati wakamgeukia. Mzee akasema hakumbuki hilo.

Nikaizima. Nikaanza kusema kwamba kama wanavyojua, vipanya vina tabia ya kubofya vyenyewe, hasa vikiwa mikononi mwa. Nikafika hapo.

"Luseno," Triza akasema. "Zangu ziko wapi?"

Hakupandisha sauti. Hawezi kuipandisha.

Nikasema nimezifuta mimi. Nikaeleza kuhusu nafasi kati ya maneno mawili. Hakuna aliyeelewa ila Adoyo, ambaye alifumba macho kidogo kama mtu aliyekanyaga mwiba. Triza alitazama mikono yake. Mzee Bwire akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kule nje mtu alikuwa anauza mboga, anaita.

Adoyo ndiye aliyesema. Aliniuliza kama tangu Jumamosi kuna mtu ameandika au kuhifadhi chochote kwenye mashine ile. Nikasema hapana, niliizima nikaifunika kwa aibu. Mara moja tu niliiwasha kutoa zile mbovu.

"Basi aibu yako imetusaidia," akasema. "Faili likifutwa halitoki mara moja. Mashine inasahau tu mahali lilipokuwa. Kama hakuna kitu kipya kilichowekwa juu yake, huenda bado lipo."

Akatoa flashi kwenye mkoba, akaiwasha mashine kutokea kwenye flashi hiyo ili asiandike lolote kwenye diski. Kisha akafungua dirisha jeusi. Adoyo. Akaandika amri kwa vidole vyote, bila kutazama kibodi. Mistari ikaanza kupanda.

Nilikaa karibu yake. Nikamwambia, "Kumbe unajua."

"Najua nini?"

"Dirisha jeusi."

"Hakuna aliyeniuliza, Luse."

Alhamisi, 14 Agosti

Mafaili yamepatikana. Si yote, lakini mengi. Shida ni kwamba yamerudi bila majina. Namba tu. Na yamekuja na takataka nyingine zote za mashine: milio ya onyo, mahubiri ya zamani, mlio wa simu ya mtu.

Adoyo alisema hapa sasa dirisha jeusi halifai kitu, kwa sababu haliwezi kusikiliza. Akafungua programu ya sauti yenye picha kubwa, kila faili na mawimbi yake, unabofya inaimba. Akamkalisha Triza na kumpa kipanya. Triza hajawahi kushika kompyuta. Baada ya muda mfupi alikuwa anabofya kama mtu anayechambua mboga.

Mimi niliambiwa nikae pembeni niandike. Namba, kisha jina la wimbo analolitaja.

Mchana ulipita hivyo. Bofya, mlio wa onyo, hapana. Bofya, mahubiri, hapana. Kisha akabofya na sauti yake ikatoka.

Sijui niiandikeje. Ilikuwa ile sauti ya zamani, yote, pamoja na ile pumzi ndogo aliyokuwa akivuta kabla ya ubeti wa pili. Ilijaa chumba. Ikatoka dirishani. Mama aliyekuwa anaanika nguo jengo la pili alisimama, shuka mkononi, maji yakidondoka. Triza alikuwa anatingisha midomo pamoja nayo bila sauti, kila neno mahali pake, na kidole kiko juu ya kipanya kama amesahau ni chake. Adoyo alisogea mlangoni akatupa mgongo.

Wimbo ulipokwisha Triza akataja jina lake. Nikaandika. Mkono wangu uliandika herufi mbaya sana.

Wimbo mmoja haukurudi wote. Unakatika katikati ya ubeti, kimya. Triza aliusikiliza mara mbili. Akasema huo atawafundisha kwaya mwenyewe, kwa sauti aliyo nayo, na wao watauimba arusini.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo ilikuwa zamu yangu. Mafaili ni mengi, na kila moja lilihitaji kupewa jina lake. Adoyo alisema akifanya kwa kipanya, kubofya moja moja na kuandika, atazeeka hapa. Akaniuliza kama naweza kuandika mstari mmoja unaosoma namba na majina yangu na kuyabadilisha yote pamoja.

Naweza. Niliandika. Nilitia alama za kunukuu kila pahali palipostahili na pasipostahili. Adoyo alikuwa ametoa nakala kwanza, mbili. Alisoma mstari wangu polepole, akatingisha kichwa kukubali, akaniambia nibonyeze.

Majina yakashuka moja baada ya jingine. Kila wimbo ukasimama mahali pake. Triza alipiga makofi, mara moja, taratibu. Kyalo, aliyekuwa ameingia kutoka zamu, akauliza huyo ni nani. Aliniuliza mimi, akimaanisha Triza, lakini nimelihesabu.

Jumamosi, 16 Agosti

Kamati imechagua. Mwalimu mkuu ni Maurine Adoyo. Hakuna aliyepinga, hata mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeangalia nje.

Mimi nimepewa darasa la wanaoanza. Mzee Bwire alisema kwa upole kwamba mtu aliyepitia makubwa atakuwa na subira. Nitawafundisha kushika kipanya. Adoyo amesema wakishaweza nitaruhusiwa kuwaonyesha dirisha jeusi, kidogo kidogo, wale watakaotaka. Alisema hivyo ndivyo inavyofaa, vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake. Alinishika bega. Ni mtu mwema, hilo nakiri.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimefikiri siku mbili, nikiwa barazani, na sasa naona mambo waziwazi.

Nani aliziokoa nyimbo? Dirisha jeusi. Nani alizipa majina? Dirisha jeusi. Kipanya kilifanya nini? Kilibofya tu. Ukiangalia bila upendeleo, wiki hii yote imethibitisha nilichokuwa nikisema tangu mwanzo. Adoyo mwenyewe alilitumia, na bila kutazama kibodi. Nadhani ameanza kunifuata mimi, ila hajajua.

Triza alikuja mchana. Ameleta simu yake mpya, anataka nyimbo zihamie humo. Adoyo hayupo, amekwenda Buruburu. Aliacha neno kwamba zivutwe kwa kipanya, folda hadi folda, na kwanza tutoe picha zilizomo kwenye simu, za mchumba wa binti na za wazazi wake, tuziweke pembeni.

Nimemwambia Triza hakuna haja ya hayo yote. Nina mstari mmoja. Unafuta vya zamani kupata nafasi kwenye simu na kuingiza nyimbo kwa pamoja, haraka kuliko kupepesa jicho. Sikutoa nakala. Nakala ni ya mtu asiyejiamini.

Amevuta kiti karibu nami. Dirishani mwanga unaingia vizuri, na ameanza kuvuma ule wimbo uliokatika, ubeti wa katikati, ambao ni yeye tu anaujua. Kimstari kinapepesa. Naiacha kalamu nibonyeze.